Kura Niliyompigia Golikipa

Nilimchukia mwenyekiti wa chama chetu cha mpira tangu mkutano wa kwanza, na mpaka leo sijaona sababu ya kuacha, ingawa amekwisha kufa na matangani kwake nilikwenda, nikala. Alikuwa na mashine ya kusaga pale Migori, alikuwa na lori, na alikuwa na timu. Chama kilikuwa cha kujitolea, hakuna aliyelipwa, lakini mechi za mtoano zikipangwa timu yake ndiyo iliyocheza nyumbani. Wageni wakitaka usafiri, lori lilikuwa lake, nalo liliharibika njiani likiibeba timu ile tu iliyokuwa na washambuliaji wazuri. Hata refa wa Migori alikuwa mwajiriwa wake wa kuendesha mashine. Siku ya mechi alijikung'uta unga, akavaa kaptula nyeusi, akaenda kuamua mchezo wa tajiri wake.

Siku hizi jambo hili lina jina, mgongano wa maslahi, na watu hulifanyia semina zenye chai na maandazi. Sisi hatukuwa na jina. Tulinung'unika tu, tukapanda lori.

Mimi nilikuwa katibu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Rodi Kopany, na kalamu mbili mfukoni zilinipa kiburi kikubwa kuliko walichokuwa nacho wenye magari. Uhuru ulikuwa bado mbichi na niliamini kila ubaya unaweza kuondolewa kwa kanuni iliyoandikwa vizuri. Basi nikaleta kanuni mbili. Ya kwanza niliinakili kutoka kitabu cha chama cha ushirika wa pamba: mjumbe akiwa na jambo lake au la jamaa yake mbele ya kamati, ajitaje, atoke nje, asipige kura. Ya pili niliitunga mwenyewe: kumbukumbu za kila mkutano zinakiliwe na kupelekwa kwa kila timu, ili watu wajue nani alisema nini. Zote mbili nilimtegea mtu mmoja. Wenzangu wakazipitisha bila swali, maana chai ilikuwa imekwisha kufika.

Tulikuwa watano. Mbali na mwenyekiti na mimi, alikuwako karani wa chifu, Mkuria, aliyekubaliana na mwenyekiti hata kabla hajafungua mdomo. Mzee wa kanisa, mtu wa haki na wa maneno machache. Na mweka hazina, Mwislamu kutoka pwani mwenye duka la nguo Homa Bay, ambaye kwa kweli ndiye aliyetuuzia jezi. Hilo la jezi sikulitia moyoni, kwa sababu nilimpenda. Nyani haoni kundule.

Kesi ikaja. Katika nusu fainali pale Migori, dakika za mwisho, mpira ulimgonga mlinzi wa Homa Bay mgongoni, na yule refa wa unga akapuliza penalti. Golikipa wa Homa Bay alitoka golini polepole, akamfikia refa, akamchomoa filimbi mdomoni, akaitupa katika mto uliopita kando ya uwanja. Hakumgusa hata shavu. Filimbi nyingine haikuwako, mchezo ukaishia hapo. Kamati ikaamuru mechi irudiwe, na mwenyekiti akaandika barua kutaka golikipa afungiwe maisha.

Golikipa yule alikuwa na miaka ishirini na moja. Alikuwa mvuvi, akivuta nyavu juma zima ili Jumamosi adake mpira, na sijapata kumwona mtu aliyekuwa na furaha kama yeye akiwa amelala kwenye vumbi na mpira kifuani. Ukimnyima goli, humwachii kitu ila samaki. Na alikuwa ndugu wa mke wangu, tumbo moja.

Tulikaa katika darasa langu mchana wa Ijumaa. Nikasoma kanuni ya kwanza kwa sauti, nikimtazama mwenyekiti. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo.

"Bwana Mwenyekiti, timu ya Migori ni yako. Tafadhali utupishe."

"Yangu?" alisema. "Hiyo timu si yangu, Mwalimu. Ni ya nyumba ya pili. Bibi ya pili ndio ananunua mipira. Mimi siku hizi nakaa nyumba ya kwanza."

Kwa desturi yetu kila mke ana nyumba yake na ghala lake, na mume hachoti nafaka ya huyu akampa yule. Ni desturi ya heshima, huzuia ugomvi. Mshenzi yule aliigeuza kichaka cha kujificha. Nikamtazama mzee wa kanisa. Aliinamisha kichwa, kwa kuwa si kazi ya mtu kumwambia mwenzake analala nyumba gani. Karani akasema, "Ni kweli, nyumba ni mbili."

Kisha mwenyekiti akanigeukia. "Na wewe Mwalimu? Huyu golikipa si ni ora wako?"

Ora ni shemeji, na kwetu shemeji si mtu wa kutaniwa. Humpiti bila salamu, humsemi vibaya, ukimwona anakuja unavaa shati. Katika hasira zangu zote za kumtegea mwenyekiti, sikuwa nimefikiri hata mara moja kwamba kanuni ingenitazama na mimi.

"Wewe ndio ulileta hii sheria," alisema. "Kama dada yake ni bibi yako, mlango ndio hiyo. Kama si bibi yako, kaa."

Nilihesabu upesi. Mwenyekiti na karani upande mmoja, mzee na mweka hazina upande wa pili. Nikitoka, ni sare, na kura ya kuamua ni ya mwenyekiti.

Mke wangu alikuwa ameishi nami miaka miwili. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwenda wachache, wengine walikuwa bado kwa baba yangu wakingoja mvua. Kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyelijali.

"Ng'ombe hawajafika wote," nilisema. "Kwa desturi, bado si mke wangu."

Mzee wa kanisa aliinua kichwa. "Yawa, Mwalimu! Umesema nini?"

"Nimesema hivyo."

Mwenyekiti hakukasirika, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. "Andika," alisema kwa upole. "Andika vile umesema."

Nikaandika. Kura zikapigwa, tatu kwa mbili, golikipa akaachiliwa. Nje, mweka hazina alinishika mkono akasema, "Umeshinda, Mwalimu. Lakini neno lile lisiende kwenye karatasi." Nilimjibu kwamba kanuni ni kanuni. Sikuwa mkweli. Nilitaka Migori yote isome jinsi nilivyomshinda kwa hila yake mwenyewe. Nilinakili kumbukumbu kwa kaboni, nikazituma kwa kila timu.

Golikipa alikuja Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi. Nilivaa shati, nikatoka na mikono miwili mbele kumpokea. Hakuishika. Mke wangu alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, juu ya gunia, akasimama.

"Mwalimu," aliniita. Tangu nimchukue dada yake alikuwa akiniita ora. Alinipa karatasi. "Soma namba tano. Soma na yeye asikie."

"Shemeji, nilifanya kwa ajili yako."

"Soma."

Nikasoma. Mwandiko ulikuwa wangu, mzuri, nilioufundisha watoto wa watu. Mke wangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Kuna mtu alikushikia kisu?"

"Hapana."

Golikipa akatoa barua ya kumwachilia, niliyoitia sahihi mimi, akaiweka juu ya kumbukumbu mkononi mwangu. "Kama dada yangu si bibi yako, hiyo kura si ya mtu wa kwetu," alisema. "Siwezi simama golini nayo. Chezeni."

Aliondoka na dada yake siku hiyohiyo. Omena zilibaki juu ya gunia, kuku wakazimaliza.

Mwezi huo nilipeleka ng'ombe wote, na mmoja wa ziada. Baba mkwe aliwapokea, mke akarudi, tukazaa, tukazeeka. Mechi ilirudiwa na Migori wakashinda. Golikipa hakudaka mpira tena, si Jumamosi ile wala nyingine yoyote. Nilikuwa nikimwona ufukweni, bado kijana, akitupiwa samaki kutoka mtumbwini, na kila samaki alimdaka kwa mikono miwili, kifuani.