Maoni ya Mama Igoki Kuhusu Hadithi Nyepesi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maktaba ya umma mjini Embu, sikupewa kitabu. Nilipewa kitambaa. Mkutubi Mkuu, bwana mrefu aliyevaa sweta hata jua likiwaka, alinionyesha rafu za hadithi akasema, "Bi. Gacheri, anza kwa kupangusa. Ukishapangusa rafu yote utajua ina nini, na hakuna mtu atakudanganya." Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, nikidhani kazi ya mkutubi ni kukaa nyuma ya meza na kunyamazisha watu. Nilipangusa wiki nzima. Mpaka leo nawaambia vijana wanaoingia kazi hii kwamba bwana yule alikuwa sahihi.

Tulikuwa na vitabu vya marejeo, ambavyo msomaji husomea mle mle ndani, na vitabu vya kuazima, ambavyo hubandikwa karatasi ya tarehe ndani ya jalada. Kila kitabu kiliandikwa nambari mgongoni, ambayo ndiyo anwani yake rafuni. Lakini hadithi za mapenzi na za visa vya hatari hazikupewa hata heshima ya anwani. Zilirundikwa rafu ya chini kabisa, karibu na mlango wa stoo, na sisi wafanyakazi tuliziita "nyepesi". Aliyezitaka aliinama.

Baadaye nilikuwa nikitumwa Kibugu na kasha la vitabu kwa wakulima wa chai, na huko nikaona kitu ambacho chuoni hawakutuambia. Watu walikuja na vidole vyeusi kwa utomvu wa majani ya chai, wakapita vitabu vya kilimo bora na vya historia, wakauliza, "Zile za kuchekesha umebeba?" Nilianza kuzisoma mwenyewe ili nijue ninachowapa. Sikuona aibu wakati ule na sioni sasa.

Kisha nikapelekwa Siakago kuwa msimamizi wa tawi. Huko ndiko nilikompata Mzee Ireri.

Alikuwa dereva mstaafu wa lori la maji, mtu mkavu wa maneno, sasa akilima ndengu na kufuga mbuzi. Kila alipokuja aliazima viwili, kimoja cha mapenzi na kimoja cha visa. Akivirudisha hakukosa maoni, na kila maoni aliyaanza vile vile.

"Madam, mama anasema huyu mwanamume amekimbizwa na majambazi sura tatu bila kunywa maji. Anasema angekuja huku kwetu wakati wa kiangazi, hadithi ingeisha sura ya kwanza."

Ama, "Mama anasema huyu msichana analia sana. Anauliza, mbuzi wake nani anawapeleka malishoni?"

Ama, "Mama anasema hawa wawili wamependana haraka mno. Hata hawajawahi kukosana juu ya chumvi."

Bwana Njeru, mwenzangu wa kaunta, alisubiri mzee atoke ndipo acheke. "Hakuna mama hapo," alisema. "Mzee anaona haya kusema ni yeye anasoma mapenzi." Nilikubaliana naye. Wanaume wengi walikuwa wakitaja wake zao kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka mmoja Mkaguzi wa Maktaba akatujia. Alikuwa mtu wa haki lakini mwenye haraka. Alitazama wanafunzi waliokaa sakafuni na vitabu vyao vya mtihani, akatazama rafu ya nyepesi.

"Bi. Gacheri, watoto wanakaa chini, na wewe umeweka mabusu kwa rafu. Palilia."

Kupalilia, kwetu, ni kuondoa vitabu vilivyochakaa au ambavyo watu hawavitaki tena.

"Bwana, hivi ndivyo vinaazimwa kuliko vyote," nikamwambia.

"Hata sukari inanunuliwa kuliko dawa. Ondoa zote. Nitatuma gari lije lizichukue."

Mzee Ireri alikuwa kwenye foleni na vitabu vyake kwapani. Alisogea mbele. "Mkubwa, usizitoe kabla hujasikia mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mama."

Mkaguzi aliniangalia. Nilisema, "Twende, bwana. Kadi yake inasema ni hapa nyuma ya soko." Nilitaka kuokoa vitabu vyangu, lakini pia nilitaka kujua kama mama huyo yuko.

Alikuwako. Alikaa barazani na ungo mapajani, akichambua ndengu kwa vidole, uso ameuinua kidogo. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemchukua macho. Mzee alimwambia, "Mama Igoki, nimekuletea mkubwa wa vitabu. Anataka kuondoa zile zetu." Mama akasema, "Karibuni. Kwanza mkae."

Alitueleza kwamba zamani alikuwa akisoma mwenyewe, akiuza nyanya sokoni na kitabu gotini. Macho yalipoisha, mzee, ambaye hakuwa ameshika hadithi maishani mwake, akaanza kumsomea kila alasiri mbuzi wakipumzika.

"Lakini mama," Mkaguzi akauliza, "hizi hadithi zinakufundisha nini?"

"Zinanipa kitu cha kungoja. Nikiamka, giza ni lile lile la jana. Lakini nataka kujua yule msichana alivuka mto ama alirudi kwao. Kitabu cha mtihani, nani anakingoja hivyo?" Kisha akacheka. "Na pia nikwambie ukweli. Huyu Baba Igoki miaka yote alikuwa na maneno mawili, chakula kiko wapi, na gari limeharibika. Siku hizi kila alasiri ananiambia maneno ya mapenzi. Hata kama ni ya mwanaume mwingine, sauti ni yake."

Mzee Ireri alikumbuka ghafla kwamba kuna mbuzi wa kufungwa, akaondoka.

"Si kusema zote ni nzuri," mama aliendelea. "Ile ya rubani na binti wa tajiri ni uongo mtupu. Hiyo chukua hata leo."

"Na nyingine mbaya ni ipi?" Mkaguzi akauliza, akavuta kiti karibu. Tulikaa mpaka uji ukaletwa.

Njiani kurudi nilimwambia kwamba stoo yetu imejaa viti vilivyovunjika. Nikiitoa ile takataka, wanafunzi watapata chumba. Akasema, "Fanya hivyo. Ondoa zilizoraruka na ile ya rubani. Zingine zipandishe juu, watu waache kuinama."

Nilifanya zaidi ya alivyosema. Nilikata vikadi vidogo, nikaandika "Mama Igoki anasema", na chini yake maoni yake, nikavichomeka ndani ya vitabu. Watu walizunguka rafu wakitafuta vikadi. Vitabu alivyovitukana ndivyo vilivyoazimwa haraka zaidi.

Mama Igoki alifariki wakati wa mvua ndefu. Nilikwenda mazishini na Bwana Njeru. Baada ya hapo mzee hakuonekana muda mrefu, na sikutuma mtu kudai kitabu kimoja alichobaki nacho. Asubuhi moja alikuja, akakiweka juu ya kaunta.

"Hatukukimaliza pamoja," alisema. "Nimekimaliza peke yangu. Nilisoma kwa sauti."

"Wewe ulikionaje, mzee?"

Alitazama mlangoni. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Mama angesema mwisho wake umetiwa sukari nyingi," akasema. "Lakini mimi, Madam, mimi nimeupenda." Akajifuta uso kwa kofia, akaenda rafuni kuchagua kingine.

Nilimalizia kazi Meru mjini, nikiwa na wafanyakazi chini yangu na ofisi yenye mlango, nikastaafu kwa amani. Sasa niko kwetu Kanyakine, kwenye migomba na ng'ombe mmoja. Wakutubi vijana hunipigia simu wakilalamika kwamba watu wanasoma hadithi nyepesi kwenye simu. Nawajibu, wanasoma, basi waulizeni wamezionaje. Anayejua kusema kwa nini kitabu ni kibaya ameshasoma vizuri. Kazi hii niliijua, na niliifanya vizuri.

Jumapili baada ya kanisa akina mama jirani hupita kwangu kubadilishana vitabu. Juzi tulikuwa tunabishana kama bibi harusi wa kwenye hadithi alipaswa kumfungulia yule mwanamume mlango, mchungaji akapita, akauliza kelele ni za nini. Tulimwambia akae tumsomee. Alisema ana haraka, ana mgonjwa wa kuona. Alikaa mpaka kikombe cha pili, na alipoondoka alikuwa upande wa bibi harusi.