Mkono Uliotutwika

Nyuma ya kibanda changu cha asali, pale sokoni Tabora, vijana wanaotengeneza mizinga wamebwaga magome mabichi ya miyombo. Wenzangu wanasema yananukia vizuri, yanawakumbusha porini. Mimi yananikasirisha. Harufu yake ni kali, chungu, ya unyevunyevu, inakaa kooni kama dawa, na ikinifikia tu shingo yangu inakaza. Shingo hii haigeuki kushoto tangu utoto. Mteja akiniita kutoka upande huo inabidi nizunguke mwili mzima kama mlango, na watoto wa sokoni wanacheka. Wacheke tu, hawajui.

Gome kama hilo ndilo tulilosokotewa ngata za kuwekea mizigo kichwani, sisi watoto wa ngoma ya Kalunde.

Mtanisamehe mnaosoma. Shule niliiacha darasa la pili na kalamu naishika kama mwiko. Ila wenye kushika kalamu vizuri wamesema uongo mpaka wamezeeka nao, na juzi nimemsikia mmoja wao redioni akiitwa baba wa ngoma ya mizigo. Anaitwa Anselmi Kasanda. Namtaja kwa jina lake na la baba yake ili asije akasema nimemsingizia mwingine.

Kalunde alikuwa dada yake mama, kwa hiyo kwangu ni mama mkubwa. Tuliishi naye Goweko, nyumba moja. Mwembamba, mrefu, miguu mikubwa yenye nyufa, na alitembea kana kwamba kuna mtu amemwekea bakuli la uji utosini akamwambia usimwage. Baba yake alikuwa pagazi wa zamani, wale waliobeba pembe mpaka pwani kabla ya reli. Kalunde naye alikwenda safari hizo akiwa mtoto, nyuma ya baba yake, na masufuria ya kupikia kichwani. Reli ilipokuja, upagazi ukafa. Mzee akakaa nyumbani hana kazi, lakini shingo yake ilikuwa haijui kukaa bure. Mama mkubwa alisema mzee alikuwa akiota jua na kijiwe kichwani, ndipo apate raha. Siku moja ya mavuno vijana walipiga ngoma, yule mzee akainuka na kijiwe chake akacheza, na binti yake akamwangalia miguu. Hapo ndipo kazi yake ilipoanzia.

Akaifanya ngoma. Alicheza kwenye maharusi Kigwa, akaitwa mpaka Ziba huko kwa wafugaji, na watemi walimtumia watu kumchukua. Alipochoka magoti akaanza kutufundisha sisi watoto wa kike. Kila mtoto alikuwa na mfuko wa ngozi ya mbuzi uliojaa mchanga, kadiri ya umri wake, na njuga miguuni. Ulitwikwa mfuko, ukacheza. Chini miguu inatifua vumbi, njuga zinalia kama mvua ya mawe juu ya bati, na juu kichwa kimetulia kabisa. Alikuwa akituambia shingo isijue miguu inafanya nini. Ukiona mtu anarukaruka bila mzigo, kwake huyo hachezi, anafukuza siafu. Wanaume wa kijijini walitania kwamba watoto wa Kalunde wanaweza kuhamisha nyumba na panya ndani asiamke.

Nilimuuliza kwa nini tusicheze wepesi kama wenzetu. Alinijibu akiwa anasokota ngata, hata hakuniangalia. Alisema watu wa kabila letu walijulikana mpaka baharini kwa kubeba vitu vya watu wengine, na hakuna aliyewauliza kama ni vizito. Basi yeye anataka watu watazame mzigo, kisha watazame uso wa aliyeubeba, waone kwamba ni mtu na ana madaha. Sikuelewa. Nilichojua ni kwamba kichwa kinauma.

Sheria yake kubwa ilikuwa ya kutua. Aliyekutwika ndiye akutue, kwa mkono wake. Kwa sauti hatui mtu. Alisema njiani zamani wezi walijificha vichakani wakaigiza sauti ya kiongozi wa msafara, wakapiga kelele "Tueni!", na wapagazi wakitua tu wanavamiwa. Kwa hiyo pagazi wa kweli alingoja kuguswa. Basi na sisi alitupima. Tukiwa tumechoka kabisa, jasho linaingia machoni, alikwenda mbali, akafunga mikono nyuma, akaita kwa sauti ya huruma: "Tueni wanangu, imetosha." Anayetua alichekwa na kundi zima. Wengine wetu aliwaita hata kwa jina, akajifanya analia. Sida, binamu yangu, ambaye alikuwa mdogo kwangu kidogo na meno ya mbele yameng'oka, hakuwahi kunaswa. Alikuwa anasimama pale na mchanga wake anatabasamu kwa meno hayo yaliyopungua. Mama mkubwa akija kumtua alimpangusa uso kwa kanga yake. Sote tulikuwa tunautafuta mkono ule na kanga ile.

Sasa huyo Anselmi alikuwa karani wa baraza. Kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, soksi mpaka magotini, filimbi shingoni kama mwamuzi wa mpira. Akaja Goweko na mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji, Mazoya, aliyekuwa akimfuata karani kama mkia. Wakasema kuna mgeni mkubwa wa serikali anakuja Tabora, na Bwana DC anataka ngoma ya watoto. Mama mkubwa alifurahi, naliona hilo bado. Alikwenda ndani akajipaka mafuta ndipo akarudi kusikiliza. Lakini Anselmi akasema mizigo iachwe nyumbani.

"Bibi Kalunde, mgeni akiona watoto na mizigo atatuona bado washenzi wa upagazi. Tunataka shangwe. Warukeruke, wapige makofi, basi."

"Karani, kama unataka kurukaruka una miguu yako," mama mkubwa akamwambia. "Ruka wewe."

Watu wakacheka, hata Mazoya akacheka kisha akajikohoza. Nadhani kicheko kile ndicho tulicholipia sote. Anselmi hakugombana. Alitabasamu, akasema haya, leteni hiyo mizigo.

Tulipanda gari la moshi kwenda Tabora, mara yetu ya kwanza wengi wetu, mifuko ya mchanga mapajani kama watoto wachanga. Mama mkubwa alikataa kukaa kwenye benchi. Alikaa sakafuni, kwa sababu gari hilo ndilo lililomnyang'anya baba yake kazi, na hakutaka kulipa heshima ya makalio yake. Tulicheka njia nzima.

Uwanjani kwenye boma walikuwa wamezungusha kamba. Mama mkubwa alitupanga nje ya kamba, kwenye kivuli, akatutwika mmoja mmoja, akatugusa bega kila mmoja, akatuambia tuingie na yeye anafuata na ngoma. Tukaingia kwa mstari. Mimi nilikuwa mbele, Sida nyuma yangu. Nilipofika katikati nikasikia nyuma kimya, hakuna ngoma. Tarishi wa baraza, Ramadhani, mtu mwenye mikono kama majembe, alikuwa amemzuia mama mkubwa kwenye kamba. Baadaye tulisikia amri ilikuwa ya Anselmi: bikizee peku, na hirizi zake na nyufa zake, asionekane mbele ya Wazungu. Yeye Anselmi ataongoza kwa filimbi. Alikuwa amevaa na kofia.

Mgeni hakuja. Tukasimama. Jua la kiangazi la Tabora mnalijua, linashuka kama lina deni nawe. Wakubwa walikaa chini ya turubai wakinywa chai. Anselmi akatuambia tutue tupumzike mpaka mgeni afike. Hakuna aliyetua. Akadhani hatujasikia, akasema tena, akapiga filimbi. Tukamtazama tu. Wallahi, hatukuwa wajeuri. Tulikuwa tunangoja mkono. Watu waliokuwa wakitazama wakaanza kuguna na kucheka, mmoja wa mjini akapiga kelele kwamba karani awabembeleze kwa peremende.

Ndipo vumbi la gari likaonekana barabarani. Anselmi akababaika. Picha aliyoiona yeye ni mgeni anafika na kukuta watoto wamesimama na mizigo kwenye jua kama wafungwa, na karani mwenye filimbi hana la kufanya. Akamwita Ramadhani. Akasema, na mimi nilikuwa karibu kabisa naye, nilimsikia kwa masikio haya:

"Ivute mizigo. Ivute yote kabla hajashuka."

Wakati huo sauti ya mama mkubwa ikafika kutoka kwenye kamba. "Tueni!" Askari mwingine alikuwa amemshika mikono nyuma. "Tueni wanangu, imetosha! Nyamizi, tua! Sida!" Nyamizi ni mimi. Analia. Nikasema moyoni, leo anatupima mbele ya watu wote hawa. Nikamsikia Sida nyuma yangu anacheka kidogo puani.

Ramadhani alianza na sisi wa mbele. Alikamata mfuko wangu kwa ubavu akauvuta, na mimi nikaushikilia kwa shingo, kama nilivyofundishwa. Kitu kikalia ndani yangu kama kuni kavu. Nilianguka kifudifudi, mchanga mdomoni. Sikuona alivyomvuta Sida. Nilisikia njuga zake tu, zililia mara moja, zikanyamaza. Wenzetu wa nyuma kuona hivyo waliachia mizigo wakakimbia.

Mgeni alishuka garini akakuta uwanja umesafishwa. Aliambiwa watoto wamezidiwa na jua. Akatikisa kichwa, akapewa chai.

Sida hakuinuka tena. Alirudishwa Goweko kwa behewa la mizigo, kwenye jamvi, akikodoa macho, na kabla mvua za kwanza hazijanyesha tulikuwa tumemzika.

Barazani hawakushtakiwa Anselmi wala Ramadhani. Alishtakiwa Kalunde. Anselmi, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika maneno ya kesi yake mwenyewe, alisema watoto walikuwa wamerogwa, maana mtoto gani mwenye akili ataambiwa tua, hata na huyo bibi mwenyewe, asitue? Mazoya, aliyekuwa amekula kwetu miaka yote, akaapa kwamba ngoma ile ina dawa. Mama mkubwa aliulizwa ana la kusema. Akatazama chini. Hakusema hata neno moja, na kunyamaza kwake kukaandikwa kuwa kukiri. Akapigwa marufuku kufundisha wala kucheza katika nchi yote ile. Nilikaa pale shingo imefungwa vijiti na matambara, nikamchukia kwa kunyamaza. Nilitaka awatukane.

Alibaki nyumbani. Alilima, alibambua karanga, na hakuwahi kunitazama shingoni. Sisi tulidhani marufuku ndiyo iliyomfunga.

Uhuru ulipokuja, vijana wa mjini wakamfuata afundishe kikundi cha sherehe. Akawaambia amesahau. Mimi wakati huo nilikuwa mke wa mtu, na mtoto mgongoni, na nikashikwa na hasira mbele yao. Walipoondoka nikamwambia yote. Kwamba Wazungu wamekwenda, marufuku imekwenda nao. Kwamba Anselmi sasa ni ofisa, anafundisha ngoma yake yeye huko Tabora, na amewapa watoto vibuyu vitupu vilivyopakwa rangi, na watu wanampigia makofi. Nikamuuliza anamwadhibu nani.

Aliendelea kubambua karanga zake.

"Siku ile nilikuita," akasema. "Ulinisikia?"

"Nilikusikia, mama."

"Sikuwa nakupima, Nyamizi. Nilikuwa nakuomba."

Akaniambia kwamba alipopiga kelele mara ya kwanza na sisi hatukutikisika, alijua papo hapo amefanya nini. Alikuwa ametufundisha vizuri mno. Hakuna sauti duniani ambayo tungeitii, hata sauti yake mwenyewe. Barazani alipoulizwa ana la kusema, alijitafutia neno la kukana, hakulipata.

Anselmi alimwua Sida kwa mkono wa Ramadhani, hilo sitaacha kulisema mpaka nife, na akamwua mama mkubwa kwa namna nyingine, kwa kumfanya aamini kwamba kosa lilikuwa kwenye ufundi wake. Mtu aliyefunga kamba ile ndiye mwenye kosa. Angeachiwa apite hatua chache tu, angetugusa, tungetua. Nilimwambia hivyo. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za nchi nyingine, na akafa bila kucheza tena.

Lakini kuna kitu sikumwambia, kwa sababu ningemmaliza. Siku ile jina langu nililisikia la kwanza, wazi kabisa, na kilio chake nikakisikia. Nikanyoosha shingo zaidi, ili anione vizuri, afurahi.