Dawa ya barabara na ng'ombe wa mzee

Jumamosi sokoni Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, nilimkuta muuza dawa kutoka Mbarara, kipaza sauti mkono mmoja, chupa ya maji ya kahawia mkono wa pili.

"Inatibu presha, sukari, mgongo, hata wivu wa bibi!" alisema, akiitikisa mpaka ikatoa povu.

Mzee mmoja Mkongomani, mfugaji, akaegemea fimbo yake. "Kijana, ngombe yangu hakule tangu jana. Iyi inaweza kumuponesha?"

"Hata ng'ombe, mzee! Kijiko kimoja tu, anasimama!"

Mzee akafungua kifuniko, akanusa, akafumba macho kwa muda. Kisha akatoa pesa.

"Mwagie ng'ombe kijiko kimoja mdomoni," muuzaji akamwelekeza.

Mzee akamkazia macho kama mtu aliyetukanwa mlangoni pa kanisa. "Ngombe yangu? Yeye nilisha kumwitia munganga wa bangombe. Siwezi kumujaribisha na dawa ya barabara! Iyi nitakunywa miye, juu magoti inaniuma."

Tulicheka sana, sisi sote tuliopanga mstari tukingoja zamu ya kununua. Ila hakuna aliyetoka mstarini. Mimi mgongo unaniuma, na ng'ombe sina.