Jogoo kwenye Foronya ya Mama

Nilihamishiwa Lodwar mwaka 2012, karani wa serikali kutoka Kakamega, nisiyemjua mtu. Jioni nilikaa ndani nikifuma vitambaa vya kochi, kazi niliyofundishwa na mama. Mchungaji wetu alipoviona, aliniomba nijiunge na akina mama wa Kakuma waliokuwa wakitengeneza kitambaa kikubwa cha madhabahu. Basi wikendi nikipata nafasi nilipanda gari kwenda huko.

Tulikuwa watatu hasa. Mmoja alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyetarizi maua na ndege kwa nyuzi za rangi kama walivyofanya kwao kwenye mashuka ya arusi. Mwingine alikuwa Mturkana mwenyeji wa Kakuma, fundi wa shanga. Mimi nilifuma ukingo. Mwanzoni hao wawili hawakuzungumza sana. Kulikuwa na manung'uniko ya siku nyingi kati ya wenyeji na watu wa kambi ya wakimbizi kuhusu kuni, na kila mmoja alishona upande wake, kitambaa kikiwa katikati.

Jumamosi moja ya mvua tulikuwa tumeketi kwenye veranda ya kanisa simu yangu ilipolia. Ni kaka yangu. Alisema, "Mama ametuacha asubuhi hii. Tunazika Jumatano." Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka tu nilisimama nikaanza kukusanya nyuzi zangu, nikisema naenda stendi.

"Utapitia wapi?" Mturkana aliniuliza. "Laga imejaa. Hakuna gari inavuka leo."

Ni kweli. Laga, ule mto wa mchanga ambao siku nyingine mbuzi huupita bila kulowa kwato, ulikuwa ukinguruma hadi tukausikia tulipoketi. Nilikaa chini nikalia kwa sauti. Sikuwahi kulia hivyo mbele ya watu.

Yule wa Sudan Kusini alisogea, akaweka mkono wake mgongoni mwangu. "Dada, usilie peke yako. Mimi iko hapa."

Kisha akauliza, "Mama yako, nyumbani alikuwa na nini?"

"Kuku," nikasema. "Na jogoo mmoja mwekundu, mkorofi. Alikuwa anawafukuza wageni, hata mchungaji wa kijijini alishawahi kukimbizwa."

Mturkana aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa aibu. Lakini na mimi nilikuwa nimecheka, machozi yakiendelea kutiririka.

Yule dada alitoa kwenye kikapu chake foronya nyeupe, mpya, aliyokuwa amejiwekea. Akachora jogoo kwa penseli, akanionyesha.

"Mkia ulikuwa mrefu zaidi," nikamwambia. Akafuta, akachora tena, kisha akatia uzi mwekundu kwenye sindano. Nami nikaanza kufuma ukingo. Mikono ilijua la kufanya hata nilipokuwa sioni vizuri. Mturkana alitutazama, akaenda nyumbani kwake, akarudi na chai ya maziwa ya mbuzi na mkebe wa shanga.

"Huyu jogoo yenu haina jicho," alisema. "Atapiga watu namna gani?"

Akaketi karibu na yule mkimbizi, goti kwa goti, akashona ushanga mweusi mahali pa jicho. Wakaanza kubishana kuhusu rangi ya kilemba cha jogoo, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakizungumza bila mimi katikati.

Kesho yake maji yalipungua. Walinisindikiza hadi stendi. Mkimbizi hangeweza kusafiri nje ya Kakuma bila kibali, na kibali si kitu cha kupatikana kwa siku moja. Alinikabidhi foronya akasema, "Hii iende kwa mama. Sisi watatu tumekuja maziko."

Nilipitia Lodwar, nikalala, nikashika njia ya Kainuk hadi Kitale, kisha nyumbani. Niliwahi. Kabla ya jeneza kufungwa, shangazi alinisaidia kuiweka foronya chini ya kichwa cha mama. Aligusa lile jicho la ushanga, akauliza nani ameishona. Nikamwambia ni ndugu zangu wa Turkana.

Niliporudi Kakuma, wote wawili walitaka kusikia kila kitu: watu walikuwa wengi? Tuliimba nyimbo gani? Mvua ilinyesha kaburini? Nilisimulia huku tukiendelea na kitambaa cha madhabahu, ambacho tulikimaliza kabla ya Pasaka ya 2013. Kilipotandikwa, Mturkana aliwaambia waumini kwamba ni kazi yake na ya dada zake. Nilikuwa nimekwenda Turkana kufanya kazi ya serikali, nami Mungu akanipa watu wa kulia nami. Nashukuru mpaka leo.