Aliyefanana na Mama

Houda hakuwa na kosa lolote ambalo dada yake Sikuzani angeweza kumshika nalo, na hilo ndilo lililomuudhi. Mtu mbaya huna haja ya kumwonea kijicho, unamsema, ukalala.

Mtaa mzima wa Buyenzi unajua kwamba Sikuzani, mshonaji wa nguo za harusi, ni mama yake mtupu: paji, meno, hata mwendo. Zamani alijidai nayo sura hiyo. Mama alipokufa kwa saratani ya titi, kama bibi kabla yake, sifa ikageuka mkosi. Wateja wakija kupimwa nguo, macho yao yalimshukia kifuani. Houda alifanana na baba, na hakuna aliyemwangalia hivyo.

Hospitalini daktari aliwaeleza kwamba ipo kasoro ya kurithi inayoongeza hatari ya ugonjwa huo, akawatoa damu wote wawili ikapimwe ng'ambo. "Sura haihusiani," alisema. Sikuzani aliitikia kwa kichwa, asiamini hata neno. Wiki zile za kungoja, wivu ulimla. Akimwona Houda ananyonyesha bintiye huku anacheka, alimchukia. Ndiyo, alimchukia; tusipambe maneno. Siku moja, juu ya mswala, alimwomba Mungu kwamba kama ni lazima mmoja wao awe nayo, basi... Hakumalizia, lakini Mungu si kiziwi.

Majibu yakaja. Sikuzani hana. Houda anayo.

"Si ugonjwa," daktari alisisitiza. "Ni hatari tu, na tutamfuatilia mapema."

Sikuzani alifurahi. Furaha ilimfikia kabla ya huruma, akainamisha uso isionekane. Nje, kwenye benchi, akamshika mdogo wake mkono.

"Mi niko pamoja na we. Tutakuya wote kila randevu ya daktari."

Houda akautoa mkono polepole.

"Dada, usinihurumie. Ile jicho ulikuwa unaniangalia nayo, niliiona tangu mwanzo. Nikanyamaza, nikasema ni woga, itapita." Akamweka mtoto mgongoni, akakaza kitenge. "Sasa ni zamu yangu. Uniache na mi nikuonee wivu."

 Sikuzani alibaki pale benchini, akakubali kuangaliwa kwa jicho lile lile mpaka Houda alipochoka.