Pindo la Vidole Vitano

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyang'anywa mkasi. Nilifika nao umeviringishwa ndani ya kitambaa, mkasi wa marehemu mama, nikijiona fundi kamili kwa sababu masista wa darasa la ushonaji walinisifu. Chef coupeur, yaani mkuu wa wakataji, aliuchukua, akaujaribu makali kwa kidole gumba, akaufungia kwenye droo.

"Mukasi utashika siku utajua kupima muntu," akasema. "Leo kamata metre."

Metre ni utepe wa kupimia. Kwa miezi sita sikushika kitu kingine.

Karakana yetu ilikuwa katikati ya mji wa Lubumbashi, karibu na mabenki. Enzi hizo za Zaire na chama kimoja, suti na tai zilikuwa marufuku, na kila karani aliyetaka kuheshimiwa alihitaji abakosti, koti linalofungwa hadi shingoni bila tai. Wakubwa wa kampuni ya shaba walituletea vitambaa vya bei mbaya, nasi tuliwafichia vitambi vyao. Ndiyo kazi ya fundi, wajukuu zangu, msicheke.

Chef coupeur alikuwa mtu wa Kasai, mrefu, mkali, asiyependa maneno mengi. Mkewe, Mama Ntumba, alikaa dirishani akitoboa na kuzungushia uzi matundu ya vifungo. Kwao nilijifunza kufofila, yaani kushikiza kitambaa kwa mishono mirefu kabla ya kukipeleka kwenye cherehani. Nilijifunza pia pindo. La mtu mzima ni vidole viwili. La mtoto ni vinne, kwa kuwa mtoto anakua, na mwakani unalifumua na kulishusha.

"Kanzu ya mutoto bila pindo," Chef alikuwa akisema, "ni kumuambia, mwaka kesho sitakuona."

Nyumbani kwetu hakuna aliyetufikiria mwaka kesho. Mama alikuwa amefariki. Baba alifanya biashara ya samaki wa Kasenga, na mke wake mpya alikuwa na watoto watano. Mimi na mdogo wangu Chola, mwenye miaka tisa, tulilala katika jiko la nje, kule Annexe, pembezoni mwa mji. Hatukupigwa. Tulisahauliwa tu, na nasema wazi, iliuma kuliko fimbo. Chola alizoea kuja karakanani akitoka shule, maana kwetu sufuria zilikuwa zimekwisha oshwa. Mama Ntumba alimwekea bukari, yaani ugali, na mboga kila mchana bila kumwuliza kitu.

Mwaka wa pili nilirudishiwa mkasi, nikaanza kukata. Ndipo baba akaingia karakanani na kitenge begani. Dada yake alikuwa anaolewa. Mnajua desturi yetu: kwenye arusi jamaa wote huvaa kitenge kimoja, na asiyekivaa ni mgeni aliyekuja kula. Baba aliniwekea mezani karatasi, liste ya watu wa kushonewa. Palikuwa na jina lake, la mkewe na majina ya watoto wao watano.

"Na Chola, Papa?"

"Kitambaa hakitoshe," akasema, akitazama barabarani. "Weye na mudogo wako mutasaidia ku jiko."

Alipoondoka nilifanya jambo ambalo bado nalionea haya. Nilipanga patroni, zile karatasi za kukatia, nikazibananisha hadi zikagusana. Mapindo ya wale watoto watano niliyakata yote yakabaki kidole kimoja. Kwa nilichoiba nilimshonea Chola kanzu.

Aliijaribu nyuma ya pazia, akazunguka mara mbili.

"Yaya," akaniita, kama tunavyomwita mkubwa wa kuzaliwa, "njo kusema Papa aliniweka mu liste?"

"Ndiyo," nikamwambia.

Chef alikuwa na mazoea: hakuna vazi lililotoka bila yeye kuligeuza ndani nje. Kesho yake aligeuza la kwanza, la pili, la tatu. Akaniita.

"Pindo iko wapi?"

Nilisema yote. Nilijua kazi imekwisha, na bila kazi ile mimi na Chola tungebaki wa jikoni maisha yetu yote. Chef alisikiliza hadi mwisho, akaniletea ile kanzu ya Chola.

"Fumua."

Niliifumua Chola akiwa amesimama pale pale. Nilikata vipande vyake, nikaviunga kwenye mapindo ya wale watano, mshono kwa mshono. Chola hakulia. Aliuliza tu kama jina lake limeondolewa: "Papa alinitosha mu liste?" Hapo uongo ulinishinda.

"Hakukuweka, mudogo wangu."

Mama Ntumba aliweka sindano chini.

Chef akaniambia kwa sauti ya polepole, "Haukukosa kwa kupenda mudogo wako. Ulikosa kwa kukata mu pindo ya mutoto mwingine. Bale batoto habakukufanya kitu." Akazigeuza nguo upya. "Siku ya posho, wewe na Chola mukuye ku nyumba. Leta metre."

Siku ya posho ni Jumamosi. Binti mkubwa wa Chef alikuwa anaolewa, na kitenge kilikuwa kimetandazwa mezani, cha buluu chenye majani ya njano. Niliwapima mmoja mmoja, wazazi na watoto wao watano, nikaandika, nikakunja utepe.

"Haujamaliza," Mama Ntumba akasema.

"Nimemaliza, Mama. Bote iko saba."

"Kungali babili."

Alichukua utepe mkononi mwangu, akauzungusha kifuani mwa Chola. Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa nimepima nusu ya makarani wa mji ule, lakini mimi mwenyewe sikuwahi kupimwa na mtu tangu mama afariki. Niliinua mikono.

Chef alikata mwenyewe. Alipofika kwenye kanzu ya Chola aliweka vidole vinne, akavitazama, akaongeza cha tano.

"Huyu ataikala," akasema, yaani atakaa kwao.

Tulihamia kwao kabla ya mvua kuanza. Baba alikuja mara moja tu, akaona tumenona, akaaga. Simchukii.

Baadaye nilihamia karakana ya kampuni ya shaba kushona ovaroli za wachimbaji chini ya chef d'atelier, yaani msimamizi wa karakana, ambaye hakujua pindo ni nini, halafu nikafundisha ushonaji katika kambi ya wafanyakazi hadi macho yaliponikatalia. Nilistaafu nikidhani mkasi umelala.

Chef alipofariki, kitinda mimba wao aliniletea kitenge cha matanga. Nilivaa miwani, nikachukua kalamu, nikamwomba liste ya watu wa kushonewa.

"Liste ya nini, Yaya?" akasema, macho yamevimba. "Si unatuyua bote?"

Nililia kwanza. Kisha nikachukua mkasi wa mama, nikakata nguo za wote bila kuandika jina hata moja. Kwenye kanzu ya binti mdogo wa Chola niliacha vidole vitano.