Waya wa Mama Feza

Kigoma. Kila jioni Mama alipiga simu ng'ambo ya ziwa kwa dada yake, Mama Feza wa Kalemie, na kila jioni iliita mpaka ikakatika. "Amekufa, wananificha," akasema, akaacha kula. Mimi ziwa naliogopa kama ukoma, lakini nikapanda boti ya mizigo.

Njiani. Nilitapika hadi aibu ikaniisha. Mchuuzi mmoja wa vitenge, mama wa Kalemie, alinishika mabega njia nzima. "Ukiwa nyumbani unibipe," aliniambia tulipoagana. "Hata kama huna vocha, nitajua unanikumbuka."

Kalemie, asubuhi. Mama Feza alikuwa uani akianika dagaa. Nikapiga hodi, hakugeuka. Nilipomgusa akapiga yowe, kisha akanikumbatia na magamba yake yote. Yu hai! Nililia kama mtoto.

"Mama mkubwa, mbona hupokei simu?"

Alitazama midomo yangu. "Masikio ilikufa, mutoto wangu. Naona simu inawaka, naona jina ya mudogo wangu. Nitajibu nini? Akijua, atalia."

Mchana akanipeleka relini, kwenye nguzo kuukuu isiyo na kitu juu. Baba yao, yeye na Mama, alikuwa fundi wa reli, na waya uliopita pale akiuita simu. Hakukosea: neno tumelipata kwa Waajemi, ambao kwao sim ni waya. Wakiwa wasichana, dada hawa wawili waliegemeza taya kwenye nguzo, huyu huku, huyu kule, wausikie waya ukivuma mifupani. Mama Feza akaegemea kunionyesha, akafumba macho.

Hapo hapo nikampigia Mama, nikafungulia sauti yote, nikaibana simu kwenye taya la dada yake.

"Mudogo wangu," akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambako ndiye ni njo, "njo mimi. Masikio ilikufa. Lakini niko."

Mama akaangua kilio, kisha kicheko. Mama Feza akaishika simu kwa mikono miwili.

"Inatetemeka," akasema. "Njo yeye!"

Kurudi, ziwa lilinitesa vilevile. Nilimkuta Mama anakula. Nimejifunza kwamba simu bado ni waya: inataka wawili wasiouachia. Siku hizi Mama hupiga kila jioni na simu hupokelewa kwa taya. Juzi nilimuuliza humwambia nini mtu asiyesikia.

"Namtania," akasema, akapangusa macho. "Anacheka."